Kitambaa cha Ukoo Usio Wangu

Usa River,
Jumamosi jioni

Naomi mwanangu,

Salamu sikupi, maana tuko nyumba moja na sasa hivi umetoka kunimiminia chai. Nakusikia huko jikoni ukicheka na shangazi zako. Habari za sweta, za vidonge vya tumbo na za kutompa mtu usiyemjua pasi yako ya kusafiria atakwambia mama yako, na usipomsikiliza atakwambia tena. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na miwili.

Barua hii nitaichomeka ndani ya Biblia yako, uikute ukiwa ndegeni. Utakapoisoma hutaweza kunijibu wala kunitazama usoni. Najua huo ni uoga. Nimeuzoea.

Wiki mbili zilizopita, tukiwa mezani, uliniuliza, "Baba, huko nikiulizwa kabila langu niseme nini?" Nikakujibu bila hata kuacha kutafuna, "Sema Mmasai. Kuna ubaya gani?" Mama yako akainuka na sahani yake, akaenda kumalizia jikoni. Wewe ukadhani tumegombana. Hatukugombana. Mama yako anajua, na amechoka kujua.

Sisi ni Wameru, hilo halihitaji barua. Lakini huko unakokwenda, katika ule mji mdogo wa kando ya mto kule Kanada, baba yako ni Mmasai aliyeua simba, na wewe ni binti wa Mmasai aliyeua simba. Bibi Moragi atakayekupokea anamngoja binti huyo. Chumba amemtandikia huyo, na nafasi ya chuo cha uuguzi amemwombea huyo. Nataka ujue binti huyo alizaliwaje, kwa sababu aliyemzaa ni mimi, tena kwa mdomo.

Ulikuwa na miaka saba, tunaishi chumba kimoja Kaloleni. Ilikuwa miaka ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kusafiri, na kwa sisi tuliokuwa makarani wa serikali ikawa ruksa pia kukaa nyumbani bila kazi. Nilikuwa karani wa misitu. Siku moja tukaitwa, tukasomewa majina, jina langu likawemo. Nilikuwa na Kiingereza kizuri na viatu vibovu. Hoteli moja hapa Usa River ikanichukua niwe mkalimani wa kikundi cha ngoma, maana watalii walikuwa wameanza kuja kwa wingi, na baada ya ngoma walipenda kuwauliza wachezaji maswali.

Mchezaji aliyependwa kuliko wote alikuwa Lomnyaki. Unamjua, ni yule mzee mrefu wa Olmotonyi ambaye tukikutana naye sokoni unampa shikamoo, naye anakuwekea mkono kichwani. Lomnyaki ni Mwarusha, mkulima wa mahindi na maharage, na siku hizo alikuwa na ng'ombe watano. Kimasai ndiyo lugha yake, Kiswahili alikijua kiasi, Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Watu walimpenda kwa sababu hakuigiza. Akiulizwa kitu anajibu kilivyo.

Jioni moja akaja mwanamke wa makamo, mwenye nywele nyekundu, peke yake. Huyo ndiye Moragi. Ngoma ilipokwisha akamfuata Lomnyaki, akashika upindo wa shuka yake nyekundu yenye miraba myeusi, akaniambia nimuulize kitambaa kile kina maana gani.

Nikauliza. Lomnyaki akacheka. "Mwambie nimenunua kwa Mhindi pale karibu na soko kuu," alisema. "Tena mwambie inachuja. Imeharibu shati langu jeupe la kanisani."

Mimi nikamgeukia mgeni nikasema, "Anasema hiki ni kitambaa cha ukoo wake. Kila ukoo una miraba yake."

Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza vya kutosha. Mgeni alikuwa ametoka mbali, uso wake ulikuwa unangoja kitu kikubwa, na jibu la Lomnyaki lilikuwa dogo. Kwetu mgeni hapewi kidogo. Uongo wa namna hiyo ndio ulionimaliza, mwanangu, kwa sababu ukiwa unausema unajiona mkarimu.

Moragi akatokwa na machozi. Akafungua mkoba akatoa skafu ya sufu, nayo ya miraba, ya kijani na bluu. "Na sisi pia!" akasema. "Na sisi pia kila ukoo una chake!" Akanieleza kwamba mji wao ulijengwa na watu waliotoka Uskochi zamani, na mpaka leo koo zao zote zinajulikana kwa vitambaa. Lomnyaki akaniuliza kwa nini huyu mama analia. Nikamwambia amekumbuka kwao.

Baada ya miezi kadhaa hoteli ikapokea barua. Meneja akanipa nimsomee Lomnyaki. Tulikuwa nyuma ya jiko, mimi nimekaa kwenye benchi, Lomnyaki amesimama kando yangu akiegemea fimbo yake, mpishi anamenya ndizi karibu yetu. Barua ilisema mji wao unafanya sherehe ya Uskochi kila kiangazi, na safari hii wanamwalika yule bwana mrefu mwenye kitambaa cha ukoo. Watamgharimia safari yote, akae wiki mbili.

"Inasemaje?" Lomnyaki akauliza.

Nilisoma mara mbili. "Anakusalimu," nikasema. "Anasema alifika salama."

"Amekumbuka!" akasema Lomnyaki, akafurahi. Kwa salamu tu, Naomi, akafurahi. Akaniambia nimjibu kwamba ng'ombe mmoja amezaa.

Nilimjibu Moragi kwamba Lomnyaki amekatazwa na wazee wa ukoo kuvuka bahari, lakini mimi ni ndugu yake, Mmasai kama yeye, na mimi wazee wameniruhusu. Kwa Lomnyaki nikasema nimepata mwaliko wa kanisa. Nikamwomba aniazime shuka, rungu na ile fimbo, eti wenzetu wa huko wanapenda kuona. Hakuuliza. Alinifunga shuka kwa mikono yake mwenyewe, akazunguka nyuma akaangalia, akafungua akafunga tena. "Usifunge kama taulo," akasema. "Utanitia aibu."

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Waliwahi kuniona wapi, sijui.

Mji wenyewe utaupenda, na nataka uupende. Ni mdogo, ukitoka Kaloleni kwenda soko kuu ungekuwa umeshaumaliza mara mbili. Mto unapita katikati, mpana, wa maji ya rangi kama chai isiyo na maziwa, na una daraja la mawe walilolijenga babu zao. Nyumba ni za mawe, kanisa la mawe. Makaburini wameandika majina ya vijiji vya Uskochi ambavyo walio hai wengi hawajawahi kuvitia machoni. Siku ya sherehe wanaume wazima, mwenye benki na mwenye bucha, wanavaa sketi za mikunjo na soksi ndefu, wanapuliza zumari za mifuko zinazolia kama ndama aliyepotea, na hakuna anayecheka. Usiku wa chakula walileta tumbo la kondoo lililojazwa maini na nafaka, limewekwa juu ya sinia, wapiga zumari mbele, watu wote wamesimama. Mzee mmoja akalisomea shairi zima. Mimi nikajisemea moyoni, jamani, huu si mtura tu, utumbo wa kujazwa nyama na damu? Kwetu mtura unaula umesimama kando ya moto na hakuna anayeusalimu.

Nilianza kwa kuwacheka. Siku ya nne nikaacha. Watu wale walikuwa vizazi vitano mbali na kwao na bado kila mmoja alijua babu wa babu yake alitoka bonde gani. Mimi nilikuwa na siku nne tu, na nilikuwa nimeshamtupa baba yangu.

Walinisimamisha ukumbini kueleza shuka. Nikasema mstari mweusi ni mifugo, mwekundu ni damu ya mashujaa, mraba mkubwa ni boma la babu wa ukoo. Nilikuwa natunga papo hapo, na kalamu zao zinaandika. Kisha nikaruka. Nina miaka arobaini, goti langu la kushoto bovu, naruka mbele ya watoto wa shule. Walinipigia makofi mpaka nikaona haya, lakini haya yenyewe haikunizuia kuruka tena.

Alikuwepo mzee mmoja aliyeitwa Aleki, mfuma nguo aliyestaafu. Asubuhi moja akanichukua tukakae kwenye ukuta wa mto. Hakuwa msemaji. Akanielekeza maji yanakokwenda, akaniambia babu zake walikuja na mto huohuo kwa mitumbwi baada ya kushuka melini. Hawakuja kwa kupenda. Kule Uskochi mwenye ardhi alitaka kufuga kondoo, na kondoo walikuwa na faida kuliko watu. Wakaja watu na karatasi, na nyuma ya karatasi moto. Nyumba ya bibi wa babu yake ilichomwa yeye akiwa ameshika mtoto mkononi, amesimama nje, anatazama.

Naomi, unajua nilichopaswa kusema.

Babu yako aliondolewa Ngarenanyuki. Waingereza walitaka kuwapa walowezi ardhi yetu wafuge ng'ombe. Walikuja na karatasi, na nyuma ya karatasi moto. Mimi nilikuwa mdogo, nimefungwa mgongoni kwa mama, lakini harufu ya lile paa ninayo mpaka leo. Tuliambiwa twende Kingori. Babu yako hadi anazikwa alikuwa akitaja rangi za ng'ombe waliopotea njiani, mmoja mmoja, na sisi watoto tulikuwa tunatoroka tusisikie tena.

Mzee wa Kanada na mimi tulikuwa tumekaa kwenye ukuta mmoja na moto mmoja. Nilikuwa na haja ya kufungua mdomo tu niseme, na mimi pia. Lakini ningesema vipi? Aliyefukuzwa Ngarenanyuki ni Mmeru, na mimi nilikuwa nimeshawaambia ni Mmasai, nimezaliwa porini, ukoo wetu haujawahi kuondolewa mahali. Nikatikisa kichwa kwa huruma, kama mgeni.

Aleki akashika upindo wa shuka yangu, akaugeuza. Kulikuwa na mhuri wa kiwanda, umefifia lakini unasomeka. Akausoma. Akaurudisha taratibu.

"Hilo halinisumbui," akasema. "Vitambaa vyetu vingi navyo vilipewa majina ya koo na wauza nguo. Nimevifuma miaka hamsini, najua. Lakini ule moto ni kweli. Wewe una kitu gani cha kweli?"

Nikamtazama, nikasema, "Niliwahi kuua simba."

Simba! Mimi ambaye mbwa wa jirani pale Kaloleni alinifanya nizunguke barabara ya pili kwa mwaka mzima. Aleki akanitazama kidogo, akasema sawa, akainuka. Siku zilizobaki alinisalimu vizuri, ila hakukaa nami tena. Jioni ile ile habari za simba zilienea mji mzima, kumbe kulikuwa na mtu anavua samaki karibu yetu. Moragi ndiye aliyefurahi kuliko wote.

Ndivyo nilivyomkana babu yako. Sikutishwa na mtu wala sikuwa na njaa. Nilimkana nikiwa nimeshiba, kwa sababu niliona hadithi yake haina rangi ya kutosha kwa wageni, na kumbe ndiyo hadithi pekee waliyokuwa nayo wao wenyewe. Nimeyakosea mengi maishani, nimemkosea mama yako hasa, lakini hili ndilo linaloniamsha.

Nilipoondoka Moragi alinipa skafu ya sufu nimpelekee Lomnyaki. Nikampelekea. Nikasema nimemnunulia mimi. Alinishukuru mara tatu. Ameivaa kila Julai tangu mwaka ule, na kila Julai nimekuwa nikikwepa kumtazama shingoni.

Sasa unaelewa kwa nini mwaka jana Moragi alipoandika kwamba angependa kumsomesha binti wa rafiki yake Mmasai, mama yako hakupiga vigelegele. Mimi nilipiga. Nilisema, mtoto wangu atapata, yaliyopita si ndwele. Hata wiki tatu zilizopita nilikununulia shuka mpya nikaikunja juu kabisa ya begi lako. Leo mchana nimeitoa. Usiitafute.

Kilichonigeuza ni swali lako la mezani, na zaidi ni sauti uliyonijibu nayo. Ulisema, "Haya, Baba." Hukubisha. Nikaona umeshakubali kama nilivyokubali mimi, kirahisi hivyo, ukaendelea kula.

Jumapili iliyopita sikwenda kanisani. Nilikwenda Olmotonyi. Nilimkuta Lomnyaki anarekebisha ua wa mifugo. Binti yake Nashipai alikuwa kwenye kigoda nje, anajipaka mafuta mikononi. Ni wa rika lako. Anafanya kazi kwenye shamba la maua huku kwetu, anaamka saa kumi, na vidole vyake vimechanwa na miiba ya waridi hata hawezi kuvikunja vizuri. Alinipa shikamoo, akaniletea loshoro, mahindi ya maziwa ya mgando, kwenye kikombe cha bati. Nikakiweka chini kando yangu.

Nikamweleza Lomnyaki yote. Nilisimama nikasema, barua ile, safari ile, skafu ile. Nikamwambia hata wewe unakwenda wiki ijayo kwa mlango uleule. Yeye aliendelea kukaza miti kwa kamba. Nilipomaliza akasema:

"Nilijua siku ileile, Baba Naomi. Yule mpishi alikuwa anajua kusoma Kiingereza. Alisoma juu ya bega lako."

Nikakaa chini, kwenye mavi ya ng'ombe, na suruali yangu ya Jumapili.

"Na ulinifunga shuka?" nikamuuliza. "Ulijua, na ukanifunga shuka?"

"Nilidhani utaona aibu njiani, urudi useme."

"Mbona hukuniambia? Mbona hukumwambia yule mama?"

Hapo ndipo aliponitazama. Hakuwa na hasira, na ningeshukuru kama angekuwa nayo. "Ningemwambiaje?" akasema. "Mkalimani si ulikuwa wewe?"

Nilimuuliza anataka nini. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kuvunja safari yako, naapa. Akasema safari haitaki, mgongo unamsumbua. Akasema mtoto asizuiwe kusoma kwa makosa ya baba yake, wa kwake hakusoma na haoni mwingine akikosa itamsaidia nini. "Lakini yule mama hajui jina langu," akasema. "Miaka yote hii ananiita yule mrefu. Mtoto amwambie jina langu."

Nashipai alikuwa anasikiliza. Aliinuka akaingia ndani. Lomnyaki ni mtu mzima, ameamua. Huyu hakuulizwa na mtu yeyote, si na baba yake, si na mimi. Usije ukafikiri mambo yamekwisha kwa sababu mzee mmoja alikuwa mpole.

Jumatatu nilimwandikia Moragi, kurasa nne, nikatuma kwa njia ya haraka. Huenda amepata, huenda hajapata. Kama amepata, huenda atakuwepo uwanja wa ndege, huenda hatakuwepo. Hilo ndilo ninalokupa la kusafiria badala ya shuka. Ningependa kukupa lililo bora zaidi.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujala chakula chake na kabla hujalala kwenye kitanda chake, mwambie. Mwambie bwana uliyemwalika anaitwa Lomnyaki, yuko hai, na ana binti wa rika langu. Mwambie baba yangu ndiye aliyekuwa anatafsiri. Mwambie sisi ni Wameru, na nyumba ya babu yangu ilichomwa. Yaseme kwa Kiingereza chako mwenyewe, usipambe, usipunguze. Kama Mzee Aleki bado anaishi, mtafute, umwambie habari za Ngarenanyuki. Usimwombe radhi kwa niaba yangu, hilo ni langu.

Huenda Moragi atakukumbatia. Huenda atakwambia nafasi haikuwa yako, na atakuwa amesema kweli. Akikwambia urudi, usilie mbele yake na usimchukie. Rudi. Nitakuja kukupokea KIA, na nitamwomba Lomnyaki tuje wote, kama atakubali kukaa gari moja na mimi.

Na ukifika mlangoni kwake, ukaona uso wake umefurahi, ukaona ni vizuri umwache na furaha yake kwanza, useme kesho, au keshokutwa, basi ujue kwamba ni mimi ninayezungumza ndani yako. Usinitafsiri. Ninyamazishe, useme.

Baba yako,
Elirehema